SOMO: JINA LA UKOO SI TABAKA



Mtu akiulizwa ukoo wake hujibu upesi. Lakini je, jina la ukoo linatueleza hali yake? Tuanze na Roma ya kale, kisha tuje huku Kanama.

1. Ukoo wa Claudius

Warumi waligawanyika katika matabaka mawili: makabaila, yaani patricii, na makabwela, yaani plebs. Hata hivyo ukoo mmoja uliweza kuwa na watu wa pande zote mbili. Miongoni mwa akina Claudius walikuwamo makabaila wenye majivuno makubwa, na walikuwamo pia makabwela, jamaa ya Claudius Marcellus. Cicero anataja kesi ambamo pande hizo ziligombania urithi wa mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Jina lilikuwa moja, lakini mahakamani kila upande ulidai peke yake.

Makabwela walipata haki kwa umoja, wala si kwa jina. Kwa mapokeo ya Warumi, mwaka 494 K.K. walitoka mjini pamoja, wakagoma kwenda vitani mpaka wakapata watetezi wao, matribuni. Mwaka 445 K.K. waliruhusiwa kuoana na makabaila. Mwaka 367 K.K. walifunguliwa cheo cha konsuli. Ndiyo maana Marcus Claudius Marcellus, kabwela kwa kuzaliwa, aliweza kuwa konsuli mara tano. Lakini tuangalie: vyeo hivyo walivishika makabwela matajiri. Maskini alibaki kabwela.

2. Koo za Rwanda

Abasinga, Abazigaba, Abagesera, Abega na Abanyiginya ni majina ya koo. Kila ukoo una mnyama wake: chui ni wa Abazigaba, mwewe ni wa Abasinga. Katika koo hizi wamo Wahutu, Watutsi na Watwa. Hata Abanyiginya, ukoo wa wafalme, walikuwa na Wahutu ndani yake. Basi Munyiginya wa ikulu na Munyiginya wa jembe walishirikiana jina, hawakushirikiana chakula.

Hapa Bugoyi tofauti nyingine ilikuwa ardhi. Jamaa iliyofyeka msitu kwanza ndiyo iliyomiliki shamba. Mkuu wake aliitwa umukonde. Aliyekuja baadaye kuomba mahali pa kulima aliitwa umugererwa, naye alitoa pombe au majembe. Kilichompa mtu nguvu kilikuwa shamba.

3. Neno lililogeuzwa

Neno "ubwoko" lilimaanisha ukoo. Miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji uliwaandika watu katika vitambulisho kuwa Hutu, Tutsi au Twa, na neno hilo hilo likatumika kwa mgawanyo huo. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kitambulisho kilionyeshwa kizuizini na mwenyewe akauawa. Baadaye maandishi hayo yaliondolewa.

Ndugu, anayetaka kututenganisha hutafuta kwanza jina la kutuita. Tuulize daima: nani anafanya kazi, na nani anapata faida?

Maswali ya kujadili

(a) Kwa nini akina Marcellus hawakusaidiwa na jina la ukoo wao?
(b) Makabwela wa Roma walishinda kwa njia gani, na ushindi huo ulimfikia nani?
(c) Umukonde na umugererwa walitofautiana kwa nini?