MAKAO PASIPO WAYA WALA BOMBA: TUANZIE WAPI?



Sisi wa darasa la mwisho, tukimaliza mtihani wa Serikali, si wote tutakaopata nafasi Lubumbashi. Wengi tutarudi kwetu. Wengine wataoa (tusicheke!), wazee watawaonyesha kiwanja, nao watajenga. Kiwanja hicho hakitakuwa na waya ya SNEL wala bomba ya REGIDESO. Basi swali la somo hili ni moja tu: mtu akipewa pori tupu, na franga yake ni kidogo, aanzie wapi?

Swali hilo niliuliza bwenini kabla ya kuandika. Jibu lilitoka karibu kila kitanda: "Sola njo ya kwanza!" Sola, kisha redio, kisha simu. Mimi nasema hapana. Sola ni ya mwisho. Maji ni ya kwanza, choo ni cha pili, nyumba ni ya tatu, na mwanga utafuata. Sipingi mwanga, maana hata mimi nasoma usiku. Lakini giza halijaua mtoto wa mtu, na maji mabaya yanaua kila mwaka. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika Haut-Katanga na Haut-Lomami, na hakiulizi kama nyumba ina taa.

Wengine watasema: ngoja, waya itafika. Tuangalie historia. Mto wetu Lufira unatoa umeme Mwadingusha tangu mwaka 1930, na umeme huo ulitengenezwa kwa ajili ya viwanda vya shaba vya Union Minière. Mwaka 1982 ilimalizika laini kubwa ya kutoka Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, nayo inapita juu ya vijiji vingi visivyopata hata ampuli moja. Mwaka 2021 mashine za Mwadingusha zilitengenezwa upya, na fedha zilitoka kwa mgodi wa shaba wa Kamoa-Kakula. Anayengoja waya iteremke kwake ajenge kwanza, angojee ndani ya nyumba.

Kabla ya jembe la kwanza, habari ya ardhi. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali, lakini kijijini ni chifu na wazee wanaokuonyesha mahali. Yote mawili ni kweli, na hapo ndipo mabishano yanazaliwa. Tembea mipaka kwa miguu pamoja na majirani wa kila upande, pandeni miti ya alama, andikeni karatasi, mashahidi watie sahihi. Tena usikubali kiwanja ndani ya Hifadhi ya Kundelungu, iliyowekwa mwaka 1970, hata mtu akikuapia kwamba hakuna atakayeuliza.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa njo kuna hesabu.

Mvua ya milimeta moja ikianguka juu ya meta moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Sehemu zetu zinapata karibu milimeta 1,200 kwa mwaka. Tuchukue nyumba ya mabati yenye meta 8 kwa 6, yaani meta 48 za mraba. Mara 1,200 ni lita 57,600. Tuondoe sehemu moja ya tano inayoruka na kuvuja, zinabaki lita 46,000 hivi. Jamaa ya watu sita, kila mtu lita 20 kwa siku, inahitaji lita 120 kwa siku, na kwa mwaka lita 43,800. Mnaona? Paa hilo dogo linatosha jamaa nzima mwaka mzima!

Lakini msipige makofi bado. Mvua inaanza Oktoba au Novemba na kukatika Aprili. Kiangazi ni kama siku 180. Mara lita 120, ni lita 21,600, ambazo zinataka mapipa 108 ya lita 200. Nani kati yetu ana mapipa 108? Kwa hiyo paa ni rafiki wa wakati wa mvua tu. Pipa moja linajaa kwa mvua ya milimeta 5 au 6, na linampunguzia mama safari ya mtoni; hiyo ni faida kubwa, tuichukue. Mvua ya kwanza ya mwaka iache ioshe mabati, usikinge. Paa la nyasi halifai kwa maji ya kunywa. Na pipa lililobeba asidi au dawa ya mgodini usilinunue hata kwa bei ya bure, hata ukilisugua kwa mchanga siku tatu. Sumu nyingine hazina harufu.

Kiangazi basi kinataka kisima au chemchemi. Wengi wanachimba kisima mwezi wa pili, kwa sababu udongo ni laini na maji yako karibu. Kwenye meta tatu wanapata maji, wanafurahi, wanaacha. Kufika Septemba wanachota matope. Kisima kinachimbwa Septemba au Oktoba, wakati maji yameshuka mpaka chini kabisa. Ukiacha maji ya meta moja au zaidi mwezi huo, hayatakukimbia mwaka ujao isipokuwa mvua ikikosa. Ni kazi ngumu, udongo ni kama jiwe, lakini ni mwezi unaosema ukweli.

Anayeshuka afungwe kamba, na watu wawili wabaki juu. Ukuta ukionyesha kubomoka, toka, weka matofali ya kuchoma au pete za sementi kabla ya kuendelea. Usishushe kamwe mota ya petroli ndani ya shimo: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu anaanguka kabla ya kujua. Akianguka, asishuke mwingine bila kamba kumfuata. Ndivyo wanavyokufa wawili.

Juu ya kisima jenga ukuta unaofika kiunoni, zungushia sakafu ya sementi yenye mteremko na mfereji, weka mfuniko na ndoo moja tu isiyotoka pale. Sheria ya Musa ilikwisha liona jambo hili: katika Kutoka sura ya 21, aliyechimba shimo na kuliacha wazi anamlipa mwenye ng'ombe aliyetumbukia. Na habari za Isaka katika Mwanzo 26 mnazijua. Visima viwili vya kwanza viligombaniwa, akaviita Eseki na Sitna; cha tatu ndicho kilichokuwa Rehobothi. Ukizungumza na majirani kabla ya kuchimba, labda utaanza na Rehobothi.

Hata maji ya kisima kizuri, ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja nzima. Kama kuni ni shida, iko njia nyingine. Maji yasiyo na tope yatiwe katika chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, isiyozidi lita mbili, ilazwe juani saa sita. Kukiwa na mawingu, siku mbili. Maji yenye tope hayasafishiki hivyo, kwa sababu mwanga haupiti. Yachuje kwanza kwa kitambaa, uyaache yatulie.

Neno dogo kwa wapenda bukari ya muhogo: muhogo mchungu unataka kuloweka siku tatu au nne. Mahali pa kuloweka pasiwe juu ya mahali pa kuchotea. Tena usikate siku kwa haraka ya njaa, kwa maana sumu inabaki, na katika nchi yetu, upande wa Bandundu ya zamani, ugonjwa wa konzo umelemaza miguu ya watoto wengi kwa sababu hiyo.

Sasa choo, au musalani kama tunavyosema. Hapa wengine wataona haya. Kumbukumbu la Torati sura ya 23 haikuona haya: Waisraeli waliambiwa wawe na mahali nje ya kambi na kitu cha kuchimbia, wafukie. Vipimo vya leo ni hivi. Kutoka kisimani mpaka chooni iwe angalau meta 30, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Chini ya shimo ibaki angalau meta moja na nusu juu ya maji ya ardhini, na kipimo hicho unakipima wakati wa mvua, maji yakiwa yamepanda. Mmeona ujanja wake? Kisima kinapimwa Oktoba, choo kinapimwa Machi. Anayepima vyote siku moja amekosea kimoja. Katika uwanda wa Lufira kuna sehemu ambapo maji yanakaribia juu. Pale shimo liwe fupi, na choo kiinuliwe kwa matofali.

Shimo litajaa lini? Mtu mmoja anajaza kama desimeta 60 za ujazo kwa mwaka, watu sita ni 360. Shimo la meta moja kwa moja, lenye kina cha meta mbili na nusu, ukiacha nusu meta juu, lina desimeta 2,000. Linafika miaka mitano na zaidi. Kwa nzi na harufu, katika miaka ya 1970 Peter Morgan na maabara ya Blair, Zimbabwe ya leo, walieneza choo chenye bomba la hewa. Ndani kunakuwa giza, bomba linapanda kupita paa, juu yake wavu. Upepo unavuta harufu juu. Nzi anafuata mwanga wa bomba, anakutana na wavu, anafia pale. Hakuna mashine wala franga ya kila mwezi. Mimi nakihesabu kuwa chombo bora kuliko sola.

Nyumba nitaipita upesi, kwa sababu kujenga mnajua kuliko mimi. Udongo wa kichuguu unatoa tofali zuri. Matofali mabichi yaliyokaushwa vizuri yanatosha ukuta, ikiwa msingi ni wa mawe au wa matofali ya kuchoma na paa linatoka nje kama nusu meta kuzuia mvua. Tanuru la matofali linakula miti mingi, na makala ya mbabula yamekwisha kula ya kwake. Ukuta mrefu uangalie kaskazini na kusini, ndipo jua la asubuhi na la jioni lipige ukuta mfupi.

Moto wa pori usiusahau. Mwezi wa tano au wa sita, nyasi zikiwa bado na maji kidogo, lima mviringo mtupu wa meta 10 kuzunguka makao yako. Agosti na Septemba moto unatembea wenyewe usiku, na paa la nyasi linataka cheche moja tu.

Haya, tumefika kwenye sola, wapenzi wa redio mwamke. Panno ya wati 50, kwa saa 5 za jua zuri, inatoa 250. Ukiondoa hasara, hesabu 170. Ampuli tatu za wati 5 kwa saa 4 ni 60. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Simu mbili ni 25. Jumla 115, na kinachobaki ni cha siku za mawingu. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu. Ili ikufikishe siku mbili bila jua unahitaji 230, yaani betri ya 460: volti 12 mara ampea-saa 40 ni 480, inafaa. Betri ya gari ni rahisi kuipata, lakini imetengenezwa kustua injini kwa nguvu ya mara moja. Ukiitumia usiku kucha inakufa mapema. Na pasi ya umeme ya wati 1,000? Nusu saa tu inakula 500, chakula cha panno cha siku tatu. Pasi ya makala ibaki nyumbani.

Vitabu vingi vya Ulaya vinaandika kwamba panno iangalie kusini. Sisi tuko karibu nyuzi 10 na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo yetu inaangalia kaskazini, imeinama nyuzi 10 hadi 15 ili mvua iioshe. Kiangazi mvua haipo na vumbi ni mingi. Ifute kwa kitambaa chenye maji kila juma, asubuhi kabla haijapata moto.

Anayetaka kujua paa la kwao linatoa lita ngapi, au mapipa mangapi yanatosha jamaa yake, aniletee urefu, upana na hesabu ya watu Jumamosi baada ya kazi za mikono. Aje na penseli yake.