Muda wa Mkataba wa Wakala wa Mapato Unapoongezwa: Mambo Anayostahili Kuyajua Mkazi



Mfanyabiashara anayepanga nyanya zake sokoni asubuhi hulipa ushuru kwa mtu mwenye mashine ndogo ya mkononi. Mara nyingi hajui kama mtu yule ni mtumishi wa Halmashauri au ni kijana wa wakala aliyepewa kazi hiyo kwa mkataba. Kwa upande wa mlipaji tofauti haionekani. Shilingi mia tano ni ileile. Tofauti hujitokeza pale mkataba wa wakala unapofika ukingoni na halmashauri husika inapotakiwa kuamua: itangaze zabuni upya, au imwongezee muda wakala aliyepo? Somo hili linahusu njia hiyo ya pili, kwa sababu zabuni hutangazwa na watu wakaiona, lakini nyongeza ya muda hupita kimya.

Utaratibu wa kutumia mawakala si mgeni nchini. Halmashauri zilipoundwa upya kwa sheria za mwaka 1982, zikiwamo Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) na Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, zilipewa vyanzo vyake vya mapato na wajibu wa kuvikusanya. Wazee wetu wanakumbuka kodi ya maendeleo iliyotozwa kwa kichwa, vizuizi barabarani na mgambo waliodai stakabadhi. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 halmashauri kadhaa zilikuwa zimeanza kukabidhi ushuru wa masoko, stendi na mazao kwa mawakala binafsi, kwa matumaini kwamba mapato yangepanda na ugomvi na wananchi ungepungua.

Wilaya yetu ya Kilosa ina nafasi yake katika historia hiyo. Ni miongoni mwa halmashauri sita zilizofuatiliwa na watafiti wa taasisi ya REPOA katika utafiti wa mageuzi ya serikali za mitaa, pamoja na Bagamoyo, Ilala, Iringa, Moshi na Mwanza. Watafiti hao waliandika pia juu ya mawakala wa mapato nchini, na jambo walilolisisitiza ni jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza: halmashauri isipojua chanzo chake kina uwezo wa kutoa kiasi gani, haiwezi kujua kama bei ya mkataba ni ya haki. Makadirio yakiwa ya chini, fungu nono hubaki kwa wakala.

Tuchukue mfano wa kubuni, usiohusu soko lolote lililopo. Soko lina meza 200, kila meza hulipa shilingi 500 kwa siku, na kwa mwezi tunahesabu siku 26. Hapo hupatikana shilingi 2,600,000. Wakala amekubali kuipa halmashauri kiasi kisichobadilika cha shilingi 1,500,000 kila mwezi, na kinachozidi ni chake. Akiwalipa watozaji wawili shilingi 300,000 kila mmoja, hubakiwa na 500,000. Hilo si dhambi. Naye anafanya biashara, na siku za mvua hasara ni yake.

Mwaka mmoja ukapita. Barabara imetengenezwa, wachuuzi wameongezeka, meza sasa ni 260. Makusanyo yamefika shilingi 3,380,000 kwa mwezi. Mkataba unaongezwa mwaka mmoja «kwa masharti yaleyale», maneno matatu yanayosomeka kama hayana uzito. Halmashauri inaendelea kupokea 1,500,000. Wakala, baada ya mishahara ileile, sasa anabakiwa na 1,280,000 kwa mwezi, yaani zaidi ya mara mbili ya awali, ingawa hakuongeza mtozaji hata mmoja. Kama kabla ya kusaini watu wangekwenda kuhesabu meza na bei ikapandishwa hadi 2,400,000, wakala angebaki na faida ya 380,000 na halmashauri ingepata nyongeza ya shilingi 10,800,000 kwa mwaka. Sheria inataka asilimia kumi ya mapato ya ndani, yakiondolewa yale yaliyolindwa kwa matumizi maalumu, iende kwenye mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Katika mfano wetu hiyo ni 1,080,000, mtaji wa kikundi kimoja kidogo cha akina mama, uliopotea kwa sababu hakuna aliyehesabu meza.

Upo mkataba wa namna nyingine, ambao wakala hulipwa kamisheni, yaani asilimia ya kile alichokusanya. Huo hupunguza tatizo tulilolieleza, kwa kuwa makusanyo yakipanda halmashauri nayo hupanda. Lakini unataka jicho kali juu ya stakabadhi, maana fedha isiyoingia katika mashine haionekani popote. Kwa sababu hiyo mlipaji anayekubali kuondoka bila stakabadhi anaharibu hesabu ambayo baadaye itatumika kupanga bei ya mkataba ujao.

Inafaa kutazama nje kidogo. Katika jimbo la California nchini Marekani, wapiga kura walipitisha mwaka 1978 kikomo cha kodi ya majengo. Miji ikakosa fedha za barabara na maji, na mwaka 1982, mwaka uleule wa sheria zetu, jimbo likatunga sheria inayoruhusu kuunda maeneo maalumu ambamo wenye viwanja hulipa kodi ya ziada kwa ajili ya huduma za eneo lao tu. Sisi tuna ndugu wa karibu wa wazo hilo: vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii chini ya sheria ya maji ya mwaka 2019, na skimu za umwagiliaji ambamo wakulima huchangia mfereji wanaoutumia. Huko California miji mingi huajiri kampuni ya ushauri kukokotoa kila kiwanja kidaiwe kiasi gani, na mikataba hiyo huongezwa muda mara kwa mara kwa sababu kampuni ndiyo inayoijua hesabu. Kodi yenyewe, hata hivyo, hukusanywa pamoja na kodi ya majengo na ofisi ya serikali ya eneo. Anayehesabu hashiki fedha. Kwetu namba ya malipo ya Serikali inayopeleka fedha moja kwa moja benki inaelekea huko, ingawa ushuru wa sokoni bado hupitia mkononi mwa mtu.

Sababu ile ya «ndiyo inayoijua hesabu» inastahili kutiliwa shaka kidogo. Wakala mzoefu ana faida za kweli: anawajua wachuuzi, hana haja ya kufundishwa mashine, na kuhama kwake huweza kusimamisha makusanyo kwa wiki kadhaa. Lakini kama orodha ya walipaji ipo kichwani mwake na haipo katika daftari la halmashauri, basi halmashauri haina uhuru wa kumwacha. Orodha hiyo ikabidhiwe kwanza, nyongeza ijadiliwe baadaye.

Kuhusu taratibu: mkataba huongezwa ukiwa bado hai, kwa maandishi. Uliokwisha muda umekwisha, na wakala anayeendelea kutoza bila mkataba hana kibali cha kufanya hivyo. Mabadiliko ya mkataba wa ununuzi wa umma hupitia bodi ya zabuni na mwanasheria, na Mkurugenzi Mtendaji akiwa Afisa Masuuli ndiye anayewajibika. Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango hupokea taarifa za mapato kila mwezi, na Baraza la Madiwani hukutana kila robo ya mwaka, mkutano ambao mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua kila mwaka, lakini ukaguzi huja fedha ikiwa imekwisha kwenda.

Kwa hiyo mahali pa mkazi kuuliza ni mapema zaidi: katika mkutano wa kitongoji, na kupitia kwa Diwani, ambaye ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata. Maswali yenyewe ni machache. Mkataba unakwisha lini? Wakala hutoa kiasi kisichobadilika au hulipwa kamisheni? Chanzo kilihesabiwa mara ya mwisho lini, na nani? Amewahi kuchelewesha fedha? Mwaka wa fedha huisha tarehe 30 Juni na mikataba mingi huenda sambamba nao. Swali linaloulizwa mwezi Machi huacha muda wa kuhesabu meza na, ikilazimu, kutangaza zabuni. Likiulizwa katikati ya Juni, karibu kila mara jibu litakuwa kwamba muda hautoshi, iongezwe tu.