Somo la Mwezi: Sikukuu na Mpango wa Likizo katika Nchi ya Denmark

Ndugu wanaushirika, mara kwa mara makatibu na wajumbe wa bodi huniuliza njia iliyo bora ya kupanga likizo za watumishi, ili haki ya mtumishi isipotee wala shughuli za chama zisisimame. Nimeonelea tulitazame jambo hili kwa kupitia nchi ndogo ya Denmark, ambayo si ngeni kwetu. Kiwanda chao cha kwanza cha maziwa cha ushirika kilianza mahali paitwapo Hjedding mwaka 1882, na katika miaka ya 1960 na 1970 wataalamu wa Denmark na nchi jirani zake walifanya kazi pamoja na vyama vya Kenya na Tanzania.

Sikukuu za Denmark karibu zote ni za Kikristo, na nyingi huifuata Pasaka. Pasaka yenyewe haina tarehe moja, kwani ni Jumapili inayoufuata mwezi mpevu wa kwanza tangu Machi 21. Kwa hiyo ikisogea Pasaka, husogea pamoja nayo Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, ambayo daima ni Alhamisi, na Jumatatu ya Pentekoste. Sikukuu zenye tarehe zisizobadilika ni Mwaka Mpya na siku mbili za Krismasi, Desemba 25 na 26. Siku ya Wafanyakazi, Mei 1, si sikukuu ya kisheria kwao, ingawa wengi huipata kwa mikataba ya kazi.

Kuhusu likizo, mtumishi huchuma siku 2.08 kwa kila mwezi wa kazi, na mwaka ukitimia zimekuwa siku 25, yaani majuma matano. Tangu Septemba 1, 2020, siku iliyochumwa mwezi huu yaweza kutumiwa mwezi ujao. Hapo awali mtumishi mpya alilazimika kungoja muda mrefu kabla ya kupata likizo yenye malipo. Majuma matatu mfululizo ni haki yake kati ya Mei 1 na Septemba 30, wakati wa kiangazi chao. Mwajiri hupanga tarehe baada ya kushauriana na mtumishi, na hana budi kumjulisha miezi mitatu kabla ya likizo hiyo kuu, au mwezi mmoja kabla ya siku zinazosalia.

Sasa tufike penye hesabu. Huko sikukuu haihesabiwi kuwa siku ya likizo. Tuchukue mwaka 2027, ambao Pasaka yake ni Machi 28. Mtumishi wa ofisi akiomba Jumatatu, Jumanne na Jumatano, Machi 22 hadi 24, huwa nje ya kazi tangu Jumamosi ya Machi 20 hadi Jumatatu ya Pasaka, Machi 29. Ametoa siku tatu, amepumzika siku kumi. Akiomba Ijumaa ya Mei 7 peke yake, baada ya sikukuu ya Kupaa, apata siku nne. Lakini mwaka huo huo Krismasi zote mbili zitaangukia Jumamosi na Jumapili, na sheria yao haitoi siku ya fidia. Ndiyo sababu watu huitazama kalenda mapema, na ofisini huombwa tarehe zile zile na watu wengi kwa pamoja. (Ng'ombe, bila shaka, hawana habari na Pasaka; mkamuaji lazima awepo.)

Walikuwa na sikukuu nyingine, Siku ya Sala Kuu, iliyowekwa mwaka 1686 katika enzi ya Mfalme Christian V. Ilikuwa Ijumaa ya nne baada ya Pasaka. Waokaji walikatazwa kufanya kazi siku hiyo, hivyo watu walinunua mikate midogo ya ngano jioni ya kuamkia sikukuu, na desturi ya kuila ingaliko. Februari 28, 2023, Bunge liliifuta kuanzia mwaka 2024, serikali ikisema kwamba fedha zitakazopatikana zahitajiwa kwa ulinzi. Wenye mshahara wa mwezi waliongezewa asilimia 0.45 ya mshahara wa mwaka kwa ajili ya siku hiyo ya kazi. Vyama vya wafanyakazi viliandamana, na kwa maoni yangu vilikuwa na hoja: siku hiyo ilikuwa imehesabiwa ndani ya mapatano ya pande mbili, nayo ikaondolewa na upande wa tatu.

Je, tuige ujanja wa siku tatu kwa kumi? Hapana, angalau si kwa Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mtumishi siku 28 mfululizo, sikukuu zikiwa ndani yake. Mdenmark huiweka likizo kando ya sikukuu ili apate faida; karani wetu akifanya vivyo hivyo, likizo huimeza sikukuu.

Na chama nacho chaweza kuumia. Mwaka mmoja nilifika kukagua chama ambacho sitakitaja, siku ya Jumanne baada ya Pasaka. Nilikuta wakulima wamekaa barazani wakingoja malipo ya pili ya kahawa. Sefu ilikuwa na funguo mbili, mmoja kwa katibu, mwingine kwa mweka hazina, na wote wawili walikuwa likizoni kwao, mbali. Fedha zilikuwamo ndani. Mama mmoja alikuwa na mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Bodi iliidhinisha likizo zote mbili katika kikao kimoja, wala hakuna aliyefungua kalenda.

Zoezi la kujadiliwa na bodi: Karani wa chama nchini Tanzania amepewa likizo ya siku 28 kuanzia Jumatatu, Machi 22, 2027. Atarudi kazini tarehe gani? Ni sikukuu zipi zitakazomezwa? Na katika chama chenu, ni nani atakayeshika ufunguo wake, na makabidhiano hayo yataandikwa katika daftari gani?