Kupitisha umeme chini ya pavingi: tupige hesabu kabla ya kushika sululu

Wengi wetu tukienda field tunakutana na swali moja ambalo darasani halikuulizwa hivyo: "Wewe msomi, kutoa umeme jengo hili kwenda lile, chini ya pavingi, itagharimu shilingi ngapi?" Swali hilo utaulizwa Mpanda kama litakavyoulizwa Dodoma au Morogoro. Na mwenye kuuliza anataka jibu ambalo halitabadilika mtaro ukiwa umeshafunguliwa.

Makisio ya chini yana madhara yake. Hela ikiisha katikati, mtaro unabaki wazi na watu wanapita usiku. Au fundi anapunguza kina ili amalize, bomba linalala sentimita 20 tu, na siku moja mtu mwenye jembe analifikia. Kwa hiyo hesabu hii inahusu pia usalama wa watu.

Tuchukue mfano. Umbali ni mita 40. Kati ya hizo, mita 32 ni udongo wa kawaida na mita 8 ni pavingi ambapo magari yanapita. Mzigo ni ampea 20 za taa, umeme wa volti 230.

Hatua ya 1: kina na ujazo wa mtaro

Kanuni za Marekani zinataka bomba la PVC lenye nyaya za kawaida lifukiwe si chini ya milimita 450, na milimita 600 linapopita chini ya njia ya magari. Hizo zipimwe kutoka mgongo wa bomba, siyo kutoka sakafu ya mtaro. Sisi tutachimba mita 0.6 kwenye udongo na mita 0.8 chini ya pavingi, upana mita 0.4.

Udongo: 32 × 0.4 × 0.6 = mita za ujazo 7.68
Pavingi: 8 × 0.4 × 0.8 = mita za ujazo 2.56
Jumla: mita za ujazo 10.24

Hatua ya 2: pavingi zenyewe

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Ukifungua mtaro wa mita 0.4, pavingi za pembeni nazo zinalegea, kwa hiyo inua sentimita 20 zaidi kila upande. Upana unakuwa mita 0.8, na eneo ni 8 × 0.8 = mita za mraba 6.4. Kitofali cha sentimita 20 kwa 10 huingia 50 katika mita moja ya mraba, maana yake utainua vitofali 320. Weka asilimia 10 ya kuvunjika: nunua vipya 32.

Hatua ya 3: mchanga na kifusi

Bomba lilale kwenye mchanga na lifunikwe kwa mchanga, unene wa jumla mita 0.2. Hiyo ni 40 × 0.4 × 0.2 = mita za ujazo 3.2. Ukiongeza robo kwa ajili ya kushindilia na kumwagika, agiza 4. Udongo ambao mchanga umechukua nafasi yake hautarudi mtaroni. Nao ukichimbwa huvimba kwa kama robo, basi panga kuzoa mita za ujazo 4 za kifusi.

Hatua ya 4: bomba na kebo

Bomba ni mita 40, ongeza mita 2 za kupanda ukutani pande zote mbili: mita 42, yaani vipande 7 vya mita 6. Chini ya pavingi laza bomba la pili la akiba, mita 9, yaani vipande 2 vingine. Jumla 9.

Kebo ni mita 42 na mita 3 za kuungia kila upande: mita 48. Sasa ukubwa wake. Kebo ya shaba ya milimita za mraba 6 hupoteza milivolti 7.3 kwa kila ampea kwa kila mita. Kwetu ni 7.3 × 20 × 48 ÷ 1000 = volti 7.0. Kanuni za Uingereza, BS 7671, zinapendekeza taa zisipoteze zaidi ya asilimia 3, ambayo ni volti 6.9. Tumepita kidogo. Ya milimita 10 hupoteza milivolti 4.4, na jibu linakuwa volti 4.2. Chukua hiyo.

Hatua ya 5: shilingi

Bei zifuatazo ni za mazoezi tu. Ukifika saiti, ulizia madukani na kwa mafundi, kisha badilisha.

- Kuinua na kurudisha pavingi, 6.4 × 15,000 = 96,000
- Kuchimba, 10.24 × 20,000 = 204,800
- Mabomba, 9 × 18,000 = 162,000
- Kebo, 48 × 14,000 = 672,000
- Mchanga, 4 × 30,000 = 120,000
- Pavingi mpya, 32 × 700 = 22,400
- Viungio, gundi na mkanda wa tahadhari = 60,000
- Kufukia, kushindilia na kuzoa kifusi = 110,000
- Fundi umeme na upimaji = 200,000

Jumla 1,647,200. Weka asilimia 10 ya dharura: 1,811,920. Ongeza VAT ya asilimia 18, unafika kama 2,138,000.

Angalia sasa: bomba na kebo ni 834,000, nusu tu ya jumla ya kwanza. Anayekisia kwa kuuliza bei ya waya dukani ameacha nusu ya kazi nje. Angalia pia lile bomba la akiba: limegharimu 36,000. Ukilikosa, halafu mwakani mtu akataka kupitisha kebo nyingine, kufungua na kurudisha pavingi, kuchimba na vitofali vipya ni 169,600, kabla hujanunua hata kebo.

Mambo ya Mpanda

Vifaa vingi vinafika kwa barabara au kwa reli ya kutoka Tabora kupitia Kaliua, basi usafiri uwe na mstari wake kwenye makisio. Mvua za huku huanza takribani Novemba hadi Aprili, na mtaro ukijaa maji unalipa vibarua mara mbili. Ukikatiza barabara, omba kibali: TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA kwa za mitaa. Uliza mamlaka ya maji mabomba yao yamepita wapi. Na kazi ya umeme ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Zoezi

Njia ni mita 60, kati yake 12 ni pavingi, vipimo vingine ni vilevile. Tafuta ujazo wa kuchimba na idadi ya vitofali vya kuinua. Ukipata mita za ujazo 15.36 na vitofali 480, uko tayari kwenda kuulizwa.