SOMO LA WIKI: Kufuli ya baiskeli na mtaji wa imani

Mjini Tanga baiskeli ni chombo cha kazi. Katika mitaa ya Ngamiani, ambako barabara hutajwa kwa namba, mfanyabiashara mdogo huegesha baiskeli nje ya duka, akaifunga, akaingia ndani kununua mali. Muda wote huo mtaji wake unalindwa na kufuli. Hivyo basi, anayeuza kufuli anauza imani, na historia ya kampuni ya Kryptonite ya Marekani inaonyesha gharama yake.

Kampuni hiyo ilianzishwa na Michael Zane mwaka 1971 katika jimbo la Massachusetts. Bidhaa iliyoipatia jina ni kufuli ya chuma kigumu yenye umbo la U, ngumu kukatwa kuliko mnyororo wa kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, baiskeli iliyofungwa kwa kufuli hiyo iliachwa kwenye nguzo kwa siku 30 katika eneo la Greenwich Village, New York. Wezi waling'oa kila kipuri kilichong'oleka, lakini kufuli haikufunguka. Habari hiyo ilikuwa tangazo tosha. Mwaka 2001 kampuni ilinunuliwa na Ingersoll-Rand.

Udhaifu ulijificha kwenye tundu la ufunguo. Kufuli nyingi za Kryptonite, kama za baadhi ya washindani wake, zilitumia ufunguo wa duara mfano wa bomba. Mwaka 1992 jarida moja la waendesha baiskeli nchini Uingereza liliandika kwamba kufuli za aina hiyo zingeweza kufunguliwa kwa kalamu ya plastiki. Hata hivyo ziliendelea kuuzwa.

Septemba 2004 picha za video zilisambaa kwenye intaneti: ganda la kalamu ya biki linasukumwa tunduni, linazungushwa, na kufuli inafunguka kwa sekunde chache. Wateja walihamaki. Kampuni ililazimika kutangaza kwamba itabadilisha kufuli hizo bure. Zilibadilishwa zaidi ya 300,000, na jarida la Fortune lilikadiria gharama kuwa dola milioni 10.

Jina la Kryptonite halikufa, na tangu mwaka 2013 liko chini ya kampuni ya Allegion. Kilicholiokoa ni kukubali kubeba hasara badala ya kumwachia mteja.

Mfanyabiashara ajifunze kwamba lalamiko la kwanza la mteja ni taarifa ya bure. Likipuuzwa, siku ya pili huja na ankara. Mwekezaji mdogo naye, kabla ya kununua hisa kwa sababu ya jina kubwa, aulize bidhaa ilijaribiwa lini mara ya mwisho, na nani atalipa ikishindwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.