Kliniki Haidai Barua ya Mwenyekiti

Msomaji wa Mwamgongo, mjamzito, anauliza: mumewe yuko kambi ya dagaa, na kliniki amerudishwa kwa kuwa hakuja na mwenza. Ameambiwa aende kwa mwenyekiti wa kitongoji akachukue barua. Mwenyekiti naye anataka hela ya soda. Hiyo ndiyo sheria?

Siyo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 kinataka mjamzito na mwenza wake wapewe ushauri nasaha na kupimwa VVU kwa hiari. Kulazimishwa kupima kupo kwa amri ya mahakama, kwa mtoa viungo na kwa mkosaji wa kujamiiana. Mke wa mvuvi hayumo.

Mtego uko hapa: wito wa kuwaalika wanaume kliniki umegeuzwa sharti, na sharti limegeuzwa mradi wa watu. Asiye na hela hubaki nyumbani, mimba ikikua bila kipimo wala dawa za kumkinga mtoto. Wapo wanaoazima mwanaume ajifanye mume, siri zao zikaishia kwa mtu baki! Kifungu cha 16 kinasema majibu ni siri, mwenyekiti hayamhusu.

Ukipimwa, ujue hili: kitepe kimoja kikionyesha maambukizi, hayo bado si majibu. Lazima yathibitishwe kwa kipimo cha aina nyingine. Na mtoto wa chini ya miezi 18 hathibitishwi kwa kitepe, maana ana kingamwili za mama yake. Damu yake hukaushwa kwenye karatasi maalumu, ikapelekwa maabara kutafutwa kirusi chenyewe.

Sheria nayo ina lake. Kifungu cha 21 kinamtaka aliyekutwa na VVU amwarifu mwenza mara moja. Kliniki humpima mwanamke kwanza, basi yeye ndiye anayepeleka habari nyumbani, na yeye ndiye anayeambiwa kaleta ugonjwa. Mwaka 2019 Bunge liliirekebisha sheria hii, likaruhusu watu kujipima na kushusha umri wa kuridhia kipimo hadi miaka 15. Lingeshindwa nini kumpa mama huyu muda wa kujipanga kabla ya kipigo?

Dada, rudi kliniki bila barua. Wakikukatalia, muone mganga mfawidhi. Akikuzungusha, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya. Aliyeomba hela ya soda, mripoti TAKUKURU, wanapokea simu bure: 113.