Dondoo muhimu: DT 125 kuukuu iende mbio za duara

Pikipiki ya Yamaha DT 125 ina rimu ya inchi 21 mbele na 18 nyuma. Mbio za duara la udongo zinataka inchi 19 kote kuwili, anzia hapo. Ukiishusha mbele, toa springi za shokapu, ikandamize hadi mwisho, uhakikishe tairi haligusi fremu wala ekzosi.

Sponji ya chujio la hewa ioshwe na kupakwa oili kila baada ya mazoezi. Vumbi jekundu la Lubumbashi, hasa Mei hadi Septemba, hula silinda upesi.

Kona zote ni za kushoto: buti la kushoto livishwe soli ya chuma. Breki ya mbele huondolewa, kwa hiyo pikipiki ibebwe kwa gari, isiendeshwe barabara ya Likasi.